Uchungu Upi? Mpasuaji, Mgonjwa na Wajibu wa Mwanakiswahili

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili aliyepitia somo la fonetiki asiyeukumbuka mchoro wa kichwa cha binadamu kinachotazamwa kutoka ubavuni. Katika mchoro huo huonyeshwa midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, ulimi, koromeo na nyuzi za sauti. Mwanafunzi huzikariri ala hizo, huzitaja katika mtihani, kisha hulifunga daftari na kuendelea na fonolojia. Wapo wengine, hata hivyo, ambao mchoro huo ndio uwanja wao wa kazi hadi wanapostaafu. Hao ni madaktari wapasuaji wa kichwa na shingo. Ulimi ambao mwanaisimu huuona kuwa ala ya matamshi, mpasuaji hukutana nao ukiwa na kidonda cha saratani. Zoloto, yaani kile kisanduku kinachohifadhi nyuzi za sauti, huenda mpasuaji akalazimika kuitoa yote ili mwenyewe asipoteze uhai.

Mgonjwa anapotoka katika chumba cha upasuaji, jamaa zake huuliza swali moja: amepona? Kwa muda mrefu jibu la swali hilo lilikuwa la daktari peke yake. Uvimbe umetolewa, kidonda kimefunga, mgonjwa yu hai, basi amepona. Lakini je, anaweza kumeza tonge la ugali? Akizungumza, jirani humwelewa? Mkono wake huinuka akajichana nywele? Hukubali kula mbele ya wageni, au hujificha jikoni? Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Taaluma inayoitwa utafiti wa matokeo ya matibabu imejengwa juu ya hekima kama hiyo: kwamba daktari asimjibie mgonjwa swali ambalo mgonjwa peke yake ndiye anayelijua jibu lake. Makala haya yanadai kuwa taaluma hiyo, ijapokuwa imezaliwa hospitalini, ni kazi ya lugha kwa kiasi kikubwa, na kwamba wanakiswahili wana deni ndani yake ambalo bado hawajaanza kulilipa ipasavyo.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni safari ya Jay Piccirillo, daktari mpasuaji wa masikio, pua, koo, kichwa na shingo, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Washington University mjini St. Louis, Marekani. Angeweza kujitosheleza kwa sifa ya kisu, sifa ambayo katika udaktari hupanda upesi. Badala yake, sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma aliitumia kuuliza na kuhesabu: mgonjwa alikuwa na nini kabla ya kutibiwa, na alipata nini baada yake? Ili kuelewa uzito wa swali hilo, inafaa kuutazama kwanza mfumo alioukuta.

Kati ya 1943 na 1952, daktari Mfaransa Pierre Denoix alibuni utaratibu wa kuainisha saratani kwa herufi tatu, T, N na M. Herufi ya kwanza hueleza uvimbe wenyewe, ya pili hueleza tezi za limfu zilizo karibu nao, na ya tatu hueleza iwapo saratani imesambaa hadi viungo vya mbali. Utaratibu huo ulienea duniani kote na bado unatumika, kwa kuwa unawawezesha madaktari wa nchi mbalimbali kuzungumza lugha moja. Hata hivyo, una kasoro ambayo msomaji wa fasihi ataitambua mara moja: una ploti lakini hauna mhusika. Unaeleza uvimbe kwa ukamilifu, ilhali mtu aliyeubeba haonekani. Watu wawili wanaweza kuwa na uvimbe wa ukubwa ule ule katika ulimi, mmoja akiwa na afya njema na mwingine akiwa na maradhi ya moyo, kisukari na ini lililochakaa. Kwa herufi zile tatu, watu hao ni sawa. Kwa hakika si sawa.

Kasoro hiyo ilikuwa imetambuliwa na Alvan Feinstein, daktari wa chuo kikuu cha Yale aliyesomea hisabati kabla ya kusomea udaktari, na ambaye alikuja kuwa mwalimu wa Piccirillo katika utafiti. Mnamo 1970 Feinstein alibuni istilahi mpya ya Kiingereza ya kutajia ugonjwa wowote ambao mgonjwa anao pamoja na ule unaochunguzwa. Tukio hilo linastahili kutiliwa maanani na kila anayesoma leksikolojia. Maradhi hayo yalikuwapo tangu jadi, na kila daktari aliyajua. Lakini kwa kuwa hayakuwa na jina la pamoja, hayakuwa na safu katika jedwali, na kisichokuwa na safu katika jedwali hakihesabiwi. Jina lilipopatikana, hesabu ikawezekana. Katika makala haya dhana hiyo itaitwa maradhi ambatani, kwa kuwa wanafunzi wa mofolojia wamekwisha kulizoea neno hilo katika nomino ambatani: viwili vilivyokaa pamoja vikazaa maana ambayo hakuna kimoja kinachoweza kuitoa peke yake.

Piccirillo aliliendeleza wazo la mwalimu wake kwa vitendo. Aliirekebisha fahirisi ya awali ya Feinstein na mwenzake, akaunda kipimo kinachoorodhesha maradhi ambatani 27 na kuyapanga katika ngazi: hakuna, hafifu, ya wastani, makali. Mnamo 2004 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za wagonjwa 17,712 waliogunduliwa kuwa na saratani kati ya 1995 na 2001, wakiwamo wa saratani ya kichwa na shingo. Ilibainika kwamba maradhi ambatani yana athari yake yenyewe juu ya uhai wa mgonjwa, hata hatua ya saratani inapozingatiwa. Kwa wale waliokuwa na maradhi makali, hatari ya kufa ilizidi maradufu hatari ya wale wasiokuwa nayo. Kwa maneno mengine, anayelinganisha hospitali mbili bila kujua nani alipokea wagonjwa wa namna gani, analinganisha mbio za mtu aliyebeba gunia na za mtu mikono mitupu.

Hatua ya pili katika safari hiyo ilikuwa kumpa mgonjwa kalamu. Hojaji ya maswali 20 kuhusu maradhi ya pua na mianzi yake, ambayo Piccirillo na wenzake walichapisha uthibitisho wake mnamo 2002, haiulizi tu kuhusu kamasi na kupiga chafya. Inauliza kuhusu usingizi, uchovu, kushindwa kumakinika kazini, huzuni na aibu. Isitoshe, humtaka mgonjwa aonyeshe ni mambo gani, yasiyozidi matano, yanayomsumbua zaidi. Sharti hilo dogo lina maana kubwa. Mwenye kuamua lipi ni kubwa na lipi ni dogo si tena profesa, bali ni yule aliyekesha usiku akipumulia mdomoni.

Utafiti wa namna hii una adabu yake pia, nayo ni kukubali jibu usilolitaka. Mnamo 2007 Piccirillo na wenzake walichapisha jaribio la dawa ya gabapentini kwa watu wanaosumbuliwa na mlio wa masikio usiokoma. Dawa hiyo haikuonekana kushinda tembe bandia. Wengi wangelifungia tokeo kama hilo kabatini. Wao walilichapisha, kwa sababu mgonjwa ana haki ya kujua kisichomsaidia sawa na anavyostahili kujua kinachomsaidia.

Ni vyema kukiri kwamba wazo lenyewe halikuzaliwa St. Louis. Mapema katika karne ya 20, mpasuaji Ernest Amory Codman wa Boston alishikilia kuwa kila hospitali imfuatilie mgonjwa baada ya kuondoka ili ijulikane kama matibabu yalifaulu, na kama hayakufaulu, ni kwa nini. Rai hiyo haikuwafurahisha wakubwa, naye akajiuzulu kutoka hospitali kuu ya mji huo mnamo 1914. Katika hospitali ndogo aliyoiendesha mwenyewe, aliandika kuhusu wagonjwa 337 walioruhusiwa kurudi nyumbani kati ya 1911 na 1916, akaorodhesha makosa 123 na kuyachapisha mbele ya umma. Ukweli ulimgharimu, kama unavyowagharimu wengi.

Wala Piccirillo hakuwa peke yake katika kizazi chake. Upande wa magharibi wa nchi hiyo, katika chuo kikuu cha jimbo la Washington mjini Seattle, Hassan na Weymuller walichapisha mnamo 1993 hojaji ya ubora wa maisha kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Miongoni mwa mambo inayoyauliza ni maumivu, sura, kutafuna, kumeza, usemi, kazi na bega. Bega linaweza kumshangaza msomaji, maadamu ugonjwa ni wa shingo. Lakini mpasuaji anapozitoa tezi za shingoni, neva inayouinua mkono huweza kudhurika, na mgonjwa aliyeponywa saratani akashindwa kuanika nguo kambani.

Thamani ya kuuliza ilidhihirika hasa katika suala la sauti. Mnamo 1981 Barbara McNeil na wenzake walichapisha mahojiano na watu 37 wenye afya njema, wakiwamo wazimamoto na wakuu wa makampuni, kuhusu saratani ya zoloto. Takribani mtu mmoja kati ya kila watano alisema angechagua tiba ya miale badala ya upasuaji, hata kama ingempunguzia matumaini ya kuishi, almuradi abaki na sauti yake. Miaka kumi baadaye, mnamo 1991, yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani katika hospitali za wanajeshi wastaafu, likihusisha wagonjwa 332 wenye saratani ya zoloto iliyokwisha kukomaa. Kundi moja lilipasuliwa kisha likapewa miale. Kundi la pili lilianza kwa dawa za kuua seli za saratani, kisha miale. Baada ya miaka miwili, asilimia 68 ya kila kundi walikuwa hai. Tofauti ni kwamba katika kundi la pili asilimia 64 walikuwa bado na zoloto yao. Yule aliyehesabu uhai tu asingeona tofauti yoyote. Aliyejali sauti aliiona.

Hadi hapa yaweza kuulizwa: yote haya yanamhusu nini mwanakiswahili? Jibu limo katika neno moja ambalo kila mtoto wa Afrika Mashariki hulijua: uchungu. Mgonjwa wa saratani ya kinywa aliyemaliza kutibiwa kwa miale anaulizwa, "Je, unasikia uchungu kinywani?" Anajibu kuwa anasikia. Uchungu upi? Yamkini ni maumivu. Yamkini ni ladha, kwa kuwa miale huivuruga ladha na chakula kikaja ulimini kama shubiri. Na lau swali lisingekuwa na neno kinywani, huenda angekuwa anasema kuhusu uchungu wa moyo, yaani huzuni ya mtu ambaye watoto wake hawamwelewi tena anapozungumza. Hojaji ile ya Seattle, ambayo baadaye iliongezewa ladha, mate, hali ya moyo na wasiwasi, huyapa maumivu, ladha na hali ya moyo maswali matatu tofauti. Katika Kiswahili mambo hayo matatu yanaweza kuingia katika neno moja na kutoka yakiwa yamechanganyika. Daktari atampa dawa ya maumivu mtu ambaye tatizo lake ni chakula kisichoonjeka, au mtu anayehitaji kuliwazwa.

Kitenzi kusikia nacho kina mtego wake. Mswahili husikia sauti, husikia baridi, husikia harufu na husikia njaa. Anayeulizwa katika kliniki ya masikio, pua na koo iwapo anasikia vizuri anaweza kujibu kuhusu masikio au kuhusu hali yake kwa jumla. Swali la kazi lina mtego mwingine. Mwanamke wa shambani akiulizwa kama ugonjwa umeathiri ajira yake, atasema hana ajira, na karani ataandika kwamba hakuna lililoathirika, ilhali tangu apasuliwe hajaweza kubeba mtungi wala kushika jembe. Na ile aibu iliyotajwa katika hojaji ya pua, je, itafasiriwa kwa neno lipi? Haya ni sifa njema katika jamii nyingi za Kiswahili. Aibu yaweza kuwa ya mtenda kosa. Fedheha huletwa na wengine. Soni na tahayuri vina vivuli vyake. Mgonjwa asiyekosa lolote akiulizwa kama ana aibu, anaweza kukana kwa nguvu na kuudhika, wala asieleze kwamba ameacha kwenda harusini kwa sababu mate humdondoka.

Ni kweli kwamba baadhi ya hojaji za afya za kimataifa zimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na utaratibu unaopendekezwa katika kazi hiyo si wa kubahatisha. Mfasiri mmoja au wawili huitia matini katika lugha lengwa, mwingine ambaye hakuiona matini chanzi huirudisha katika lugha ya asili, tofauti hujadiliwa, kisha wagonjwa wachache huulizwa walivyolielewa kila swali. Lakini utaratibu huo una mwanya. Tafsiri ya neno kwa neno ndiyo inayorudi salama zaidi katika lugha ya asili, na mara nyingi ndiyo isiyoeleweka na mgonjwa. Maneno kama "ubora wa maisha" hurudi kwa Kiingereza bila doa, ilhali mzee wa kijijini akiyasikia huenda akadhani anaulizwa kama ana nyumba ya mabati na ng'ombe wa kutosha. Anayeweza kuuona mwanya huo ni mtu aliyefundishwa semantiki, pragmatiki, isimujamii na nadharia za tafsiri. Mtu huyo yumo katika idara za Kiswahili, akitafuta mada ya tasnifu.

Fauka ya hayo, jambo hili lina mizizi katika sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua haki ya kila mtu ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, amweleze mgonjwa katika lugha anayoifahamu na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Ikiwa mgonjwa ana haki ya kuelezwa, basi ana haki pia ya kuulizwa kwa lugha anayoweza kuijibia.

Watakuwapo wapinzani wa hoja hii. Wa kwanza atasema kuwa katika nchi yenye uhaba wa wapasuaji na mashine za miale, kuhangaikia maswali ni anasa. Ukweli ni kinyume chake. Mwenye fedha haba ndiye anayehitaji zaidi kujua ni tiba ipi iliyomrudisha mgonjwa shambani na ipi iliyomwacha hai bila maisha. Wa pili atasema kuwa hisia hazipimiki. Lakini maumivu ya mgonjwa hayageuki kuwa ndoto kwa sababu hayaonekani katika picha ya eksirei. Tena anayekataa kuyapima huishia kuyakadiria, na makadirio yake hayawezi kusahihishwa na mtu. Wa tatu, na huyu anastahili kusikizwa, ataonya kwamba hojaji zinaweza kugeuka desturi tupu: fomu zikajazwa, zikapangwa kabatini, na kipimo cha maradhi ambatani kikawa kisingizio cha kuwanyima matibabu walio dhaifu. Onyo hilo ni la haki. Kipimo ni chombo, na mwenye chombo ndiye mwenye dhamana. Dawa yake ni kuwa na watu wengi zaidi wanaoisoma fomu kwa jicho la kuhakiki, wakiuliza imeandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na nani amenyamazishwa ndani yake. Hayo ndiyo maswali ambayo mhakiki wa fasihi huiuliza kila riwaya.

Yapo basi mambo yanayoweza kuanza bila kungojea bajeti ya serikali. Idara za Kiswahili zinaweza kuafikiana na shule za udaktari katika vyuo vile vile ili mwanafunzi wa uzamili wa tafsiri na yule wa upasuaji wafanye kazi katika kliniki moja. Vyama vya wanafunzi vinaweza kukusanya maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia kutajia maradhi ya kinywa, koo na shingo, kuanzia Kimvita na Kiamu hadi Sheng ya mitaa ya Nairobi, badala ya kutegemea istilahi za kamusi pekee. Aidha, kila hojaji inayotafsiriwa haina budi kujaribiwa pia kwa wale ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, kwa kuwa hao ndio wengi katika foleni za hospitali nyingi za Kenya. Na kwa mgonjwa asiyeweza tena kusema, au asiyejua kusoma, mwanaisimu na mpasuaji wanapaswa kuketi pamoja na kuamua swali litaulizwaje.

Safari ya yule mpasuaji wa St. Louis inafunza kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa kisu na bado akaona kuwa kisu hakimalizi kazi. Alihitaji neno la kuyataja maradhi yaliyosahauliwa, na swali la kumfungua kinywa mgonjwa aliyezoea kujibiwa na wengine. Wanakiswahili hawana kisu, lakini maneno na maswali ndiyo mali yao. Hukaa miaka mitatu au minne wakichora ulimi ubaoni. Siku moja, katika wodi fulani, yuko mtu ambaye ulimi wake umekatwa nusu, na karani mwenye fomu iliyotafsiriwa vibaya anamuuliza kama ana uchungu. Kuuliza si ujinga, walisema wazee. Ila kuuliza vibaya kwaweza kuwa dhuluma, na mwenye ujuzi wa kulisahihisha swali akinyamaza, naye ana sehemu yake katika dhuluma hiyo.